Bango la Navalayo

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, mafundi wawili walimaliza kufunga bango jipya juu ya kiwanda cha mikate kando ya barabara ya Mumias, mjini Kakamega. Lilikuwa na picha ya Navalayo Ayuma, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyezaliwa na hali ya Down, amevaa aproni ya kijani na kukumbatia mkate. Chini paliandikwa: Kwetu Kila Mtu Ana Kazi. Navalayo mwenyewe alikuwa kwao Navakholo akipukuchua mahindi.

Watu wa kiwanda walikuwa wamempiga picha siku moja, wakachukua aproni yao, wakamwambia angepigiwa simu. Mama yake, Phoebe, hakungoja simu. Alitoa shukrani kanisani, akachinja kuku, akamwalika Mike, meneja wa wafanyakazi, na kumwekea firigisi. Kwao firigisi ni ya mgeni wa heshima, hapewi mtu wa kupita tu. Mike naye ni mzaliwa wa pande hizo, wa Butere, alilijua hilo vizuri, na aliila yote.

Kabla ya saa nne Navalayo alitoka kwenye bango. Aproni ilibaki imesimama peke yake, na mkate ukakaa hewani palepale. Wateja walitazama juu, wakauliza msichana ameenda wapi. Muuzaji alisema labda ameenda chai.

Bango lilichapishwa upya mara mbili. Mafundi wakiwa kwenye ngazi, Navalayo alikuwepo, wakishuka, hayupo. Mwenye kiwanda aliuliza tu kama lingejaa kufikia Ijumaa, kwa sababu wageni wa tuzo ya mwajiri bora walikuwa wanakuja kutoka Nairobi. Mike akapanda boda hadi Navakholo.

Phoebe alimpa chai na kigoda.

"Bwana Mike, ile firigisi ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mama."

"Huyu anaamkanga saa kumi na moja. Anavaa viatu, anakaa hapo mlangoni kungojea simu yako. Mimi nimechoka kumvua viatu kila jioni."

Mike alivitazama viatu. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri.

"Aje kesho," alisema.

Navalayo akapewa kazi ya kufunga mikate. Kila asubuhi aliwasalimia wenzake wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kisha akanawa na kuanza. Mkate wa moto hakuutia kwenye karatasi hata akikaripiwa, na malalamiko ya wateja kuhusu mikate kuota ukungu yakaisha. Kwenye bango alirudi dakika ileile alipofunga aproni. Saa saba akienda kula, bango lilikuwa tupu. Jumapili lilikuwa tupu kutwa, na watu wa boda wakajua kumefungwa. Tuzo ilipatikana.

Phoebe alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Navalayo azaliwe. Hakuna aliyekuwa na furaha kumshinda. Barua ya kazi ilimweka binti yake katika idara ya matangazo, pamoja na puto na fulana, na ilisema mkataba utaisha siku bango litakaposhushwa. Aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia, akalala vizuri.

Mwezi uliofuata alikuja kuomba kazi Khisa, mwanamume aliyesoma darasa moja na Navalayo, mwenye hali kama yake. Alikuwa amevaa tai ya babake. Mike alimkaribisha vizuri, akatoka naye nje, akatazama juu kwa muda.

"Bango ni la mtu mmoja," alimwambia kwa upole.

Khisa aliomba walau amsalimie Navalayo. Navalayo alipomwona akiingia, alisogea upande mmoja wa meza ampe nafasi. Meza ilikuwa ndefu, wangetosha hata wanne. Khisa alifunga mkate mmoja bila kasoro, kisha akaonyeshwa mlango.

Kwenye bango pia Navalayo alikuwa amesogea kushoto, na hakurudi katikati tena. Nusu nzima ya bango ilikaa wazi. Mwenye kiwanda aliiona Jumatatu, akafurahi kupata nafasi ya bure, akaagiza ichorwe keki.