Ng'ombe wa Masolwa Kwenye Lenzi Ndefu

Kornel alitamani kuinyakua picha yake alipoiona ikipita mikononi mwa watu pale barazani Bukene. Mwenyewe ndiye aliyeipiga, na mwezi mzima alikuwa akijisifu kwayo Tabora nzima.

Ilianza Masolwa, mfugaji wa hapo Bukene, alipotaka kuringa mbele ya wakwe. "Nifanyie ng'ombe wangu waonekane wengi," alisema. Kornel akaiacha lenzi fupi, ambayo ingewaonyesha ng'ombe kama vidoa mbugani, akafunga ile ndefu, akarudi nyuma hadi kwenye kichuguu. Lenzi ndefu huvuta vya mbali ikavibandika juu ya vya karibu. Ng'ombe ishirini na sita waliotawanyika kutoka kisimani hadi mlimani wakasongamana pembe kwa pembe, wengine hawaonekani hata miguu. Picha akaitundika kwenye dirisha la studio yake. Bwana Mifugo, afisa wa serikali aliyesimamia mifugo ya wilaya, akapita, akaisifu, akaomba nakala, na Kornel, mpumbavu wa sifa, akampa kwa mikono miwili.

Sasa Mwingereza huyo alikuwa akiigonga kwa kiko chake, mate yakimruka. "Themanini! Ndiyo maana ardhi inakufa. Masolwa atauza arobaini."

Masolwa aliinamisha kichwa. Baba mkwe wake, mzee Nikolaus, alikuwa ameketi mbele kabisa. Angeukanaje wingi wa ng'ombe wake mbele ya mkwe? "Nimesikia, bwana," akajibu.

Kornel alichukia kila kitu: kile kiko, yale mate, na zaidi ya yote mikono yake mwenyewe. Akasimama. "Bwana, ni ishirini na sita. Niliwabananisha kwa lenzi. Masolwa, nisamehe. Shikamoo mzee Nikolaus, nawe unisamehe."

"Marahaba," alisema mzee bila kugeuka. "Nikusamehe nini? Kabla sijamtoa binti yangu nilikwenda zizini nikawahesabu. Ishirini na sita. Mkwe gani anaamini karatasi?"

Watu wakacheka, na hata Masolwa akainua uso. Kornel akashusha pumzi. Zizi lenyewe lilikuwa ng'ambo ya reli tu, akangoja Bwana Mifugo ainuke waende wakahesabu.

Hakuinuka. Aliitazama picha tena, karibu zaidi, kisha akamwita askari.

"Kama zizini wamo ishirini na sita," alisema, "wale wengine amewaficha wapi?"