Wageni wa Ghorofa ya Pili

Mume wa Bi Sindano alipofariki alimwachia mkewe vitu vitatu: fleti ya vyumba viwili katika ghorofa ya pili, cherehani ya chuma nzito kama dhambi, na dada yake. Fleti ilimsitiri, cherehani ikamlisha, na huyo dada akampigia kelele kila siku ya Mungu.

Dada mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu, akiishi mlango unaotazamana na wa wifi yake. Jengo zima lilimwita Sista. Alikuwa na sauti ya wodini, ile ya kumwamsha mgonjwa ili ameze dawa ya usingizi. Kwa miaka mingi mawifi hao walitaniana asubuhi na jioni, na aliyepika zaidi alimpelekea mwenzake sahani huku akimsimanga kwa uvivu.

Kijana wa Bi Sindano alipooa na kuhamia mji mwingine, chumba chake kilibaki na kitanda kilichotandikwa bila mlalaji. Mkamwana ndiye aliyemfundisha kukitangaza kwenye simu kwa wapita njia wa siku mbili tatu. Mwanzoni Bi Sindano aliogopa, kisha akanogewa. Wageni walikuja na masanduku na habari zao, wakakuta kandambili mlangoni, taulo lililopigwa pasi, na mwenyeji anayewauliza kama wamekula.

Shida haikuanzia kwake. Ilianzia kwa mtu ambaye wapangaji walimwita Bwana Funguo. Huyu hakuwa anaishi pale, wala hakuna aliyewahi kumwona akipanda ngazi zaidi ya mara mbili. Alikodi fleti moja kwa mwenye nayo, akaipaka rangi nyeupe, akaning'iniza mlangoni kisanduku kidogo chenye namba za siri kinachohifadhi ufunguo, akaanza kuipangisha kwa siku. Kisha akakodi ya pili, ya tatu, hadi kati ya fleti kumi na sita, tisa zikawa na visanduku. Waliokuwa wakikaa humo walipewa notisi. Fundi rangi na watoto wake watatu, waliokuwa juu ya Bi Sindano, waliondoka na godoro juu ya gari la mizigo, naye akawapungia mkono dirishani, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani.

Halmashauri ya jiji ikatangaza kwamba inatunga kanuni za nyumba hizo za siku chache, na kila mwenye maoni ayapeleke. Sista hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliandika barua ya kutaka biashara hiyo ipigwe marufuku jijini kote, akapita nayo mlango kwa mlango, mwisho akabisha kwa wifi yake.

"Wifi, tia sahihi."

Bi Sindano aliisoma akairudisha. "Nitie sahihi nijizibie riziki kwa mkono wangu?"

"Wewe siye unayelengwa."

"Hapa pameandikwa 'wote'. Mimi simo kwenye wote?"

Ulimi hauna mfupa. Sista, aliyekuwa amechoka kwa ngazi, akasema, "Basi kama umo, umo. Mwizi wa kuku na mwizi wa ng'ombe wote ni wezi."

Bi Sindano alifunga mlango polepole, na hilo lilimuuma Sista kuliko kama angeubamiza. Kuanzia siku hiyo wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Sahani zikakoma kuvuka ukumbi.

Mwezi ukapita hivyo. Ndipo akaja mgeni mmoja, fundi bomba mwenye masharubu mazito na maneno machache, kutoka mji wa mbali. Alikuwa ameomba siku kumi. Binti yake wa miaka saba alikuwa amelazwa hospitali kuu akingoja kupasuliwa moyo. Mama mtu alilala kitini kando ya kitanda cha mtoto, na baba hakuruhusiwa kubaki wodini baada ya saa za kuona wagonjwa.

Siku ya tatu Bi Sindano alimtania, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina, nikupe nini?"

"Nipe ule mfereji wa jikoni unaovuja, mama," alijibu. "Spana ninayo."

Akautengeneza, akaendelea na bawaba za kabati. Bi Sindano alielewa kwamba mikono ile ilikuwa inatafuta kazi ili kichwa kisifikiri.

Alhamisi moja mchana alikuwa amezungukwa na sare za shule, marundo manne juu ya meza, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Tone likamwangukia shingoni. Akatazama juu. Dari lilikuwa limevimba katikati kama tumbo la aliyekula harusini, na maji yalikuwa yanatafuta njia pembeni ya taa.

Alipanda ngazi mbio na tepu yake shingoni. Akagonga, akaita, hakuna jibu. Wageni wa juu walikuwa wametoka asubuhi maji yalipokatika, wakaacha mfereji wazi. Sasa maji yamerudi na wao hawapo. Kisanduku kilining'inia pale kimya na namba zake. Akampigia Bwana Funguo, simu ikamwambia mteja hapatikani. Maji yakaanza kupita chini ya mlango na kulowesha vidole vyake.

Alishuka, akasimama mbele ya mlango uliomnunia mwezi mzima, akaupiga kwa viganja viwili.

"Wifi, maji!"

Maneno hayo mawili yalitosha. Sista hakuuliza maji gani. Alitoka na ndoo mbili na beseni, akaona dari, akasema, "Nguo kwanza." Akazibeba sare kifuani kwa mafungu, akavuka nazo hadi kitandani kwake, akarudi, akabeba tena, mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye goti bovu. Walikuwa wameshalitoa rundo la mwisho dari lilipopasuka na kumwaga uchafu wake wote juu ya meza tupu.

Fundi bomba alikuwa anarudi kutoka hospitali. Alisikia kelele ngazini.

"Koki kuu iko wapi?"

Mlinzi wa zamani ndiye aliyejua, na mlinzi wa zamani aliondoka pamoja na wapangaji wa zamani. Fundi hakusubiri. Aliweka kiganja kwenye bomba la ukutani, akalifuata ghorofa hadi ghorofa kama mtu anayempapasa mgonjwa, mpaka kwenye paa. Koki ilikuwa imeshikwa na kutu. Aliizungushia kitambaa, akaikamata kwa spana, akaning'inia kwa uzito wake wote. Ikazunguka. Spana nayo ikateleza ikamchana kiganja.

Jikoni kwa Bi Sindano, maji yakiwa bado yamefika vifundoni, Sista alimsafisha jeraha.

"Ulinifanya nikuone mtalii," alisema. "Umefuata nini mji huu?"

"Mwanangu kalazwa. Moyo."

"Wodi ipi?"

"Namba sita."

Mkono wa Sista ulisimama. Wodi namba sita alikuwa ameifanyia kazi miaka kumi na moja. Alikuwa amewaona baba wangapi wakilala kwenye mabenchi ya nje, wengine chini ya ngazi, wakifukuzwa na walinzi, wakirudi asubuhi wamekunjamana kama mashati. Alimfunga bandeji, kisha akasema, "Kesho tunakwenda wote. Daktari akikwambia jambo, mimi nitakutafsiria lugha yao."

Na kweli walikwenda, siku hiyo na zilizofuata. Mtoto alipopasuliwa, Sista ndiye aliyekaa na wazazi na kuwaeleza kila mlango uliofunguliwa ulikuwa na maana gani.

Bi Sindano naye alikuwa na lake. Siku ya pili mwanamke aliyemfanyia usafi Bwana Funguo alikuja kufungua fleti ya juu, naye akapanda kumsaidia kukausha. Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha ndani, chini ya rangi nyeupe iliyopakwa harakaharaka, aliona mistari ya penseli: vimo vya watoto watatu wa fundi rangi, mwaka hadi mwaka. Watoto hao alikuwa amewapima kwa tepu yake mwenyewe kila muhula. Alisimama pale na dekio mkononi, akijiona akipunga dirishani.

Jioni alivuka ukumbi. "Wifi, ilete ile karatasi."

"Nimeichana," Sista akasema. "Nimeandika nyingine. Keti uisome, ukipata kosa useme, maana kosa la kwanza nimeshakukosea mimi. Nisamehe, wifi."

"Yamekwisha. Niwekee chai."

Siku ya mkutano ukumbi wa halmashauri ulijaa. Bwana Funguo alizungumza vizuri, tena kwa tabasamu. Alisema wageni huleta neema, kisha akamwelekezea kidole Bi Sindano. "Mjane kama huyu mnataka ale nini?"

Bi Sindano alisimama bila kuitwa. "Mwanangu, usinifanye ngao. Kwangu mgeni akiacha mfereji wazi, naufunga mimi, kwa sababu nipo. Kwako maji yalinifikia shingoni na simu yako haikupatikana. Fundi rangi alikuwa akiishi pale juu. Nilinyamaza alipotolewa, nami namwomba radhi popote alipo."

Sista akafuata, kwa sauti ya wodini. Alisimulia habari za wodi namba sita na akina baba wanaolala mabenchini. "Wageni tunawataka," alimaliza. "Lakini mwenyeji naye awemo nyumbani, na wenye mji wabaki na pa kulala."

Ilichukua miezi, na barua, na vikao vingine viwili. Mwishowe kanuni ikapita: anayeishi nyumbani kwake aweza kukaribisha wageni akijiandikisha, asiyeishi humo apewe leseni ya fleti moja tu kwa kila jengo. Si wote walioshangilia. Mwanamke wa usafi alipoteza kazi, na Bi Sindano, akijua hilo linamhusu, alimtafutia cherehani ya pili akaanza kumfundisha kupinda nguo.

Fundi bomba alipiga simu. Binti alikuwa amerudi shule na anakimbia kupita kaka zake. Bi Sindano aliweka simu chini akajifuta macho kwa kipande cha bitana. Juu yake, kwenye fleti ya fundi rangi, walikuwa wamehamia mwalimu na familia yake, na miguu midogo ilikuwa inapiga sakafu tangu alfajiri. Hakuwahi kushukuru kelele maishani mwake, ila hizo alizishukuru.

Kati ya mawifi, asante ni neno gumu kutamka. Bi Sindano hakulitamka. Alishona gauni la kitambaa cha buluu, akalivusha ukumbi likiwa limepigwa pasi. Sista akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akalalamika kwamba mikono inabana na pindo limekwenda upande.

Kisha akalivaa kwenda nalo sokoni, kanisani na kliniki wiki nzima, na kila aliyemsimamisha alimwambia, "Kanishonea wifi yangu."