Bendera ya Lesi ya Mtaa wa Kisimani

Mtaa wa Kisimani, huku Pugu, haujawahi kuwa na kisima. Una bomba. Bomba hilo limeshazinduliwa mara tatu na wageni rasmi watatu, lina mawe matatu ya uzinduzi yaliyopakwa chokaa, na mara zote tatu maji yalitoka vizuri mpaka boza lililoegeshwa nyuma ya ofisi ya mtaa lilipoondoka.

Felicitas alikuwa kibarazani, kichuma chake chenye umbo la jicho kiko mkononi, anafuma lesi. Ufumaji huo alifundishwa na masista wa misheni huko Masasi. Si wa kulabu kama vitambaa vya makochi vilivyojaa kila sebule; ni wa mafundo, fundo baada ya fundo, na fundo likishakazwa halifumuki hata ulie. Pembeni yake bintiye Jenipher, mimba ya miezi saba, alikuwa anachambua mchicha. Ndipo akaingia mtendaji wa mtaa, Elibariki, na wazo lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sherehe za Uhuru mwaka huu mgeni rasmi anakuja kwetu. Mtaa wa pili wana bendera ya kitambaa, kila mtu anayo hiyo. Sie tunataka ya lesi."

"Bendera yenye matundu?"

"Upepo upite, mama. Itapepea vizuri."

Felicitas hakutaka makuu. Alitaka maji tu. Zahanati yao humtaka kila mjamzito aje na ndoo mbili za maji, la sivyo ajifungue kwa imani. "Nitafuma," alisema. "Ila Jeni anajifungua Desemba hiyohiyo. Bomba litoe maji."

"Litatoa. Mgeni rasmi anakuja kulizindua."

"Tena?"

"Mama Jeni, maendeleo ni endelevu."

Akafuma wiki sita. Kijani cha ardhi, nyeusi ya watu, njano ya madini, buluu ya maji, kama alivyokaririshwa darasa la tatu. Kazi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kwenye wanga. Lesi isiyotiwa wanga hulegea kama mlenda. Ni lazima ichovywe, inyooshwe, ianikwe. Wanga alikuwa nao. Maji yaliyokuwamo ndani ni ndoo mbili za Jenipher, zimefunikwa na sinia, na hizo hakuzigusa. Jumapili asubuhi akaianika bendera kavu hivyohivyo, akaenda kanisani.

Aliporudi alikuta bendera imejitafutia maji yenyewe. Kijani kikavu, nyeusi kavu, njano kavu, ila buluu ilikuwa inachuruzika maji. Felicitas alionja, akakuta hayana chumvi kama ya visima vya watu, akaenda kuleta beseni.

Jirani yake Zubeda alifika na ndoo kabla beseni halijajaa. "Yanatoka tangu saa ngapi?"

"Tangu misa ya pili."

"Na hiyo njano haitoi kitu?"

"Haijatoa."

"Hiyo walishachimba," alisema Zubeda, akakinga ndoo yake.

Mtaa mzima ukateka maji. Foleni ilipangwa kwa mawe na madumu, kama ilivyo ada, na waliogombana waligombania nafasi tu. Kosa walilofanya Felicitas na bintiye ni kuiamini bendera. Zile ndoo mbili za akiba, zenye maji ya chumvi, walizimwaga kufulia nepi, wakasema siku ikifika watakinga mapya.

Elibariki alipokuja aliikuta foleni, akakunja uso. "Mama, bendera ya taifa haikingiwi ndoo. Inaheshimiwa."

"Mie sijaigusa. Inatoa yenyewe."

Tarehe tisa Desemba ilipandishwa mlingotini, ikamdondoshea mgeni rasmi maji, naye akashikiwa mwavuli akaendelea na hotuba. Alisema serikali imesikia kilio cha wananchi. Akakata utepe, akafunua jiwe la nne, lililoandikwa Mradi wa Maji wa Bendera, akampa Felicitas cheti. Halafu akasema kazi ya namna hiyo ni urithi, haiwezi kuachwa ipigwe jua. Bendera ikashushwa, ikakunjwa vizuri, ikaondoka kwenye gari lake. Bomba lilitoa maji mpaka saa kumi, boza likaondoka.

Uchungu ulimshika Jenipher siku ya nne baada ya sherehe, saa tatu asubuhi. Nesi Benedicta, ambaye maji ya kunawa mikono hutoka nayo kwake kwenye chupa ya soda, aliwapokea mlangoni mwa zahanati. "Ndoo zenu?"

Walikuwa na nusu ndoo, aliyowapa Zubeda. Felicitas akachukua ndoo tupu akaenda ofisi kubwa ya mgeni rasmi, vituo viwili vya daladala mbele. Aliiona bendera tangu mlangoni. Walikuwa wameitia kwenye fremu ya kioo, maji yakajaa ndani mpaka kwenye njano, na kwa kuwa yalikuwa safi, walitia samaki wawili wa mapambo. Watu walikuwa wanapiga picha.

Alimwendea msichana wa mapokezi, Najat, akamweleza. Ndoo moja tu, na samaki hatawagusa.

"Mama, haya maji ni ya taifa," alisema Najat kwa upole.

"Na mtoto anayezaliwa?"

Najat alifikiri, maana hakuwa mtu mbaya. "Naye atakuwa wa taifa, akishapata cheti cha kuzaliwa."

Felicitas aliwatazama wale samaki wakipita kwenye mafundo yake, akageuka. Alirudi na ndoo yake kavu. Mtoto alizaliwa saa saba mchana, wa kike, mzima. Nusu ndoo ilitosha kumwogesha mpaka kiunoni. Miguu waliifuta kwa khanga.

Kesho yake Elibariki alikuja kutoa hongera, akaleta zawadi kutoka ofisini: picha kubwa ya bendera, na samaki wake wanaonekana vizuri. Jenipher aliitundika kwenye ukuta wa kibaraza. Felicitas akaitazama, akaingia ndani, akatoka na beseni akaliweka chini yake. Mpaka leo lipo hapo, na kila asubuhi anapofagia hulisogeza kwa mkono mmoja, kwa kuwa ni jepesi.