Jagi Moja la Maji

Wakubwa ndio waliomuua mke wangu. Nimelisema hilo miaka saba, kwa kinyozi, dukani, hata kwenye misiba ya watu wengine, na leo naliandika. Siku aliyozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa juu ya matofali, halina tairi hata moja. Barabara ya kupanda hospitali ilikuwa na mashimo ya kuficha mbuzi. Mkubwa wao alitupita njiani na gari lake jipya, vioo juu. Hayo siyafuti.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Gari letu, lile la taa za duara nililolinunua kabla sijaoa, lilizimika katikati ya mlima kwa sababu rejeta ilikuwa kavu. Ilivuja tangu zamani. Kila asubuhi ilitiwa jagi moja la maji, na aliyetia alikuwa mke wangu. Mimi nilifuta vioo tu, najiona dereva. Asubuhi ile yeye alikuwa amelala kiti cha nyuma, na mimi wala sikukumbuka. Alifikishwa juu kwa mikono ya wapita njia, na alikuwa amechelewa.

Gari likavutwa hadi nyumbani, likafunikwa turubai. Miaka ikapita.

Mwaka huu akaja shemeji, mdogo wake marehemu, fundi wa magari.

"Shemeji, nipe hilo gari nilifufue."

"La nini? Kuku wanalala humo."

"Kuku watahamia kitandani kwako. Siku hizi una nafasi."

Ana mdomo mchafu, lakini ni shemeji yangu, anaruhusiwa. Nilikataa. Alirudi, nikakataa tena. Si kwamba sikulitaka. Niliogopa. Fundi akifungua injini anasoma kila kitu, na huyu angesoma kwamba nilimpandisha dada yake mlimani bila tone la maji. Ndugu zake wote wangejua. Mara ya tatu alikuja na kamba ya kuvutia, nami sikuwa na sababu ya kuendelea kukataa.

Alikaa nalo miezi minne. Nikienda gereji naona mambo: injini mpya kutoka gari lililopata ajali, inaning'inia kwenye mnyororo, breki za diski magurudumu yote manne, usukani laini unaozungushwa kwa kidole, rejeta mpya na feni ya umeme. Ile injini ya zamani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa gunia. Namwangalia usoni, yeye ananiomba spana namba kumi na tatu. Basi.

Siku ya kunikabidhi alilipangusa kwa kitambaa. Rangi ileile ya maziwa, taa zilezile za duara.

"Nje bibi, ndani binti," akasema. "Ingia. Tunapanda mlima."

"Twende njia ya sokoni, ni tambarare."

"Sikuweka injini ile ili ukanunue nyanya. Panda."

Nikapanda. Mashimo yapo vilevile, wakubwa hawajatia hata kifusi. Lakini gari liliondoka kama limeitwa. Pale lilipozimika siku ile, mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati, na mimi ndiye niliyechemka. Nikakanyaga breki. Likasimama palepale, halikurudi nyuma hata kidogo.

"Shemeji," nikasema, "siku ile rejeta haikuwa na maji."

"Najua."

"Uliona ulipofungua injini?"

"Nani alilivuta kutoka hapa? Si mimi? Injini iliyokauka inanuka, na sikuwa na mafua."

Miaka saba. Amekula kwangu, amenisikia nikiwatukana wakubwa, anaitikia tu, "Kweli, shemeji."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama angelia mara mbili." Akatazama nje. "Na rejeta ile ilikuwa kazi yangu kuiziba. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Nilimwambia dada, mwache mumeo atie maji mwenyewe. Akaniambia, huyo akitia atasahau kufunga mfuniko."

Nikacheka. Halafu nikashindwa kuacha, na hakikuwa kicheko tena. Shemeji akavuta breki ya mkono, akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Haya, dereva, tunaziba njia."

Tulifika hospitali, tukageuza. Gari la wagonjwa bado lilikuwa juu ya matofali. Nililitukana, shemeji akaitikia, na safari hii hakukuwa na kitu kilichofichwa chini ya matusi yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuta jagi kwenye kiti cha mbele, lile la mke wangu, la plastiki ya bluu, limeoshwa. Lilikuwa kwenye buti miaka yote; shemeji ndiye aliyelitoa. Nikalijaza, nikafungua boneti, nikakwama. Nikampigia simu.

"Usithubutu kufungua rejeta!" akapiga kelele. "Hiyo haihitaji maji yako. Tazama kushoto, kuna chupa nyeupe."

"Nimeiona. Ya nini?"

"Ya kuoshea kioo. Unabonyeza kitufe, maji yanaruka, waipa zinafuta. Inaingia jagi moja. Nilipima."

Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia tu, "Mungu akuweke, shemeji."

"Funga mfuniko," akasema, akakata simu.

Nilitia maji yote, nikafunga. Nilipofika mlangoni nikarudi kuuhakikisha tena.