Kidole Kilichokausha Mabomba

Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza nikitazama nje dirishani. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike, fundi wa kompyuta, aliponiomba nimlindie programu yake, nilijua amekosa watu.

"Mke mwenza," aliniambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "programu hii ya kioski cha maji haizimwi. Mtu akiweka kadi, inauliza ghala la kumbukumbu, lililoko mbali: huyu ana maji kiasi gani? Ghala likijibu, bomba linafunguka. Lakini mchana wateja wakipungua, laini inakaa kimya, na ghala likichoka na kimya linakata. Programu haijui kama imekatiwa. Inabaki na simu sikioni."

"Kama babu yako."

"Ikiganda, bonyeza kitufe hiki. Mara moja, bibi. Kisha usubiri."

Alasiri hiyo kamati ya maji ingekuja kuamua: vioski vibaki na programu yake, au itupwe na yeye arudi kutafuta kazi. Na mwenyekiti wa kamati ni wifi yangu, ambaye hajawahi kuelewa kaka yake aliona nini kwangu. Hata mimi sijui, ila sijamwambia.

Mjukuu akaenda kukagua kioski cha pili. Jua la mchana lilipokaza, skrini ikaganda. Mama mmoja mwenye ndoo, wa kwanza baada ya muda mrefu, akanitazama, na foleni ikaanza kujikusanya nyuma yake. Nikabonyeza. Nikasubiri kwa muda wa kupiga chafya, nikabonyeza tena.

"Bonyeza, bibi, usiiogope!" foleni ikapiga kelele.

Nani kaogopa? Mimi nikisifiwa sina breki. Nikabonyeza kama anayeponda kitunguu saumu. Kidole cha shahada kilipochoka, nikaingiza gumba.

Kumbe kila nilipobonyeza, programu ilifungua laini mpya bila kufunga ile iliyokufa. Ghala nalo lina milango ya kuhesabika, na yote niliijaza mimi. Vioski vingine vilipobisha hodi, vikakuta kila mlango umezibwa na bibi. Mabomba ya mtaa mzima yakakauka.

Mjukuu akaja mbio. Nyuma yake wifi na kamati, wifi kwa mwendo wa mtu aliyeipata sababu aliyokuwa akiitafuta.

"Nani kagusa?"

Foleni, wale wale walionishangilia, ikaninyooshea vidole.

"Nilijua. Kaka yangu alioa balaa."

"Na wewe ukaja kulila balaa hilo harusini, sahani mbili."

Mjukuu hakucheka. "Bibi mwenyekiti, kosa si lake. Programu haifai kumtegemea mtu asubiri. Ilitakiwa isubiri yenyewe. Nipe muda kidogo niitengeneze."

Akazifunga laini zote nilizoijazia milango, kisha akaanza kuandika huku anatueleza, nami nikitikisa kichwa kama ninayeelewa. Kabla ya kuuliza lolote, programu italisalimu ghala kwanza. Ikikosa jibu, itaifunga laini iliyokufa na kufungua nyingine, moja tu. Ikikataliwa, itangoja kidogo, mara ya pili zaidi, mara ya tatu zaidi tena.

"Maneno hayo," wifi akasema. "Chomoa waya wa mtandao. Mkalishe huyu hapo abonyeze anavyojua. Ikimshinda huyu, nimeikubali. Kaka yangu mwenyewe hakuweza."

Waya ukachomolewa. Nikagusa kitufe polepole, kwa kumwonea huruma mjukuu.

"Usiibembeleze!" wifi akafoka.

Basi nikakishambulia. Skrini ikaandika: *Subiri kidogo, naunganisha.* Nikashambulia tena. *Subiri kidogo.* Haikununa, haikunitukana. Hata mama mkwe hakuwahi kunivumilia hivyo. Waya uliporudishwa, mjukuu akafumba macho. Kisha bomba likakohoa na maji yakamwagika kwenye ndoo ya yule mama. Wifi akapiga simu vioski vingine. Kote yanatoka.

"Imepita," akasema, kwa uchungu kidogo, na kumpa mjukuu mkono.

Mjukuu akashusha pumzi. "Sasa hiki kitufe nakiondoa. Hakina kazi tena."

"Kiache," wifi akasema. "Usikiunganishe na chochote. Huyu anahitaji kitu cha kubonyeza."

Ndicho ninachokibonyeza hadi leo, kila mchana. Na maji, nikwambie, hayajakatika hata siku moja.