Dirisha Katikati ya Blanketi

Mafundi wa Kihindi pale mjini Nakuru walimwita Nasimiyu Mama Kiraka, na mtoto hata mmoja hakuwa naye. Kila Jumamosi alipita kwenye veranda zao na kikapu, akainama chini ya cherehani kuokota mabaki. "Mama Kiraka ameshafika," walisema, na kumsukumia kwa mguu rundo la kaki, marekani na poplini ya maua. Alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyebeba nyama.

Hakushona ili auze. Mumewe, Wasike, alikuwa mchochea moto wa gari la moshi, leo yuko Kisumu, kesho Eldoret, na kile chumba kimoja cha kota za reli kilikuwa kimya mpaka masikio yakaanza kuwanga. Lakini akishika sindano, ukimya ule ule uligeuka mtamu. Kiraka kwa kiraka, bandi kwa bandi, moyo wake ulishuka ukakaa mahali pake. Shule aliishia darasa la nne, ila kitambaa alikisoma kama barua: hiki kimekaliwa sana, hiki mwenyewe alikuwa mtu wa kulia akijifuta kwa pindo.

Aliyemfundisha ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Wamuyu, mama yake Nyakio. Wamuyu alizaliwa kwenye shamba la mzungu huko Njoro, na alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mshono wake ulilalia kushoto, kama majani yaliyopigwa na upepo. Wa Nasimiyu ulilalia kulia. Ungeweza kufumba macho, ukapapasa kwa kidole, ukajua huu ni wa nani.

Walikuwa wanashona blanketi moja la viraka wawili pamoja. Kila mmoja alianzia pembeni kwake, wakawa wanafuatana kuelekea katikati. Saa sita mchana, kazi za nyumba zikiisha, walilitundika kwenye waya wa kuanikia nguo pale uani, mmoja akakaa upande huu, mwingine upande ule. Nasimiyu alisukuma sindano, Wamuyu akaipokea, akaivuta, akairudisha. Katikati pale ambapo hapajashonwa palikuwa wazi kama dirisha, na kupitia hapo walionana na kuchekana.

"Wee bibi makaa, vuta uzi! Unashona kama mtu anayefunga mbuzi."

"Na wewe Mama Nyakio, uko hapo kufanya kazi au kuniangalia uso?"

Nyakio, wa miaka mitano, alikaa miguuni mwa mama yake na gauni lake la manjano, akishona kipande cha gunia kwa sindano nene. Mishono yake ilikuwa mirefu, imeachana, mmoja huku mwingine kule. Mama yake aliiita meno ya mzee. Kufunga fundo ndiko kulimshinda kabisa. Kila akifika mwisho aliinua gunia juu: "Mama, nifungie!"

Ndipo ukaja mwaka wa hamsini na tatu. Baba Nyakio alikuwa ameshachukuliwa na askari wa mkoloni mwezi mmoja kabla. Asubuhi moja lori lilisimama nje ya kota, askari wakapita mlango kwa mlango wakitoa Wakikuyu. Walisema wanarudishwa kwao. Wamuyu kwao huko hakuwa amewahi kukuona. Alitoka na gauni lake la bluu la madoa meupe, Nyakio mgongoni na lile la manjano, na kifurushi kimoja kichwani, juu ya kitambaa cha kijani. Blanketi alilisukuma mikononi mwa Nasimiyu.

"Kiraka cha mwisho usikitie," alisema. "Nitakuja kukitia mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama Nyakio."

Nasimiyu alihesabu dirisha lile jioni hiyo. Viraka kumi na viwili ndivyo vilivyobaki kuliziba. Akalikunja blanketi, akalitia ndani ya sanduku la bati, akafunga.

Mwaka ukapita, na nusu yake. Ziwa lilikauka likabaki uwanja wa magadi, na kila mchana upepo uliinua vumbi jeupe ukalimwaga juu ya mji. Vikombe vyeupe, nyusi nyeupe. Siku moja Nasimiyu alilitoa blanketi alikung'ute, akalitundika pale pale kwenye waya. Akahesabu dirisha kwa mazoea tu. Kumi na moja.

Akahesabu tena. Pembeni mwa dirisha, upande wa Wamuyu, palikuwa na kiraka ambacho hakukijua, kitambaa cha kijani. Halafu akakijua. Kilikuwa kitambaa cha kichwa alichovaa Wamuyu siku ya lori. Akapitisha kidole. Mishono ililalia kushoto, na uzi ulikuwa mpya. Alipofunua pindo, udongo ulimwagika kiganjani mwake, mwekundu kama kutu. Nakuru nzima hakuna udongo mwekundu namna ile.

Wasike aliporudi safari, akamwonyesha.

"Umeshona ukiwa usingizini," Wasike alisema, akipuliza chai.

"Kwa mkono wa kushoto, Baba?"

Wasike aliangalia, akaweka kikombe chini. "Mama, mambo ya nyuzi ni yenu wanawake. Mimi niachie makaa yangu."

Nasimiyu aliogopa, lakini hofu ile ilikuwa na utamu ndani yake, kama kusikia hatua za mtu unayemngoja. Mwenzake alikuwa hai. Akachagua kipande kizuri kuliko vyote, poplini ya maua ya zambarau, akakishona upande wake. Ilikuwa ni kama kujibu barua. Wiki iliyofuata alikuta kingine, cha shuka. Akajibu. Wakaendelea hivyo, huyu kimoja, yule kimoja, na sanduku limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko shingoni mwa Nasimiyu. Dirisha likapungua mpaka vikabaki vinne.

Siku ambayo vilibaki vitatu, kiraka kilichotiwa kilikuwa cha manjano.

Nasimiyu hakukigusa. Hakukigeuza kuangalia nyuma yake. Alikaa chini uani, vumbi jeupe likimwangukia magotini. Mama hakati gauni la mtoto wakati mtoto bado analivaa. Na vilivyokuja kabla ya hapo, kitambaa cha kichwa, shuka, mkoba, vyote vilikuwa vya Wamuyu. Alikuwa anakata alichonacho, kimoja kimoja. Lile la bluu la madoa meupe ndilo lingekuwa la mwisho. Siku gauni lile lingetokea kwenye dirisha, Nasimiyu alijua, mvaaji naye hatakuwapo.

Basi asifike huko. Nasimiyu alichukua mkasi, akafumua kiraka kimoja cha upande wake. Dirisha likapanuka. Akapumua.

Baada ya wiki, upande wa pili palikuwa na kiraka kipya, kola ya shati la mwanamume. Akafumua kingine. Kikaja kipande cha blanketi la kijivu, jembamba hata ukiliinua unaona jua. Akafumua cha tatu. Kikaja gunia. Kila alipofumua, alisikia uchungu kama anang'oa kucha, kwa maana ile ilikuwa kazi ya mikono yake, mchana baada ya mchana, raha yake yote. Lakini alifumua.

Alipoona gunia ndipo alipobeba blanketi akaenda Bondeni kwa Bi Khamisa, mshonaji mzee aliyetoka pwani, ambaye mikono yake ilikuwa imeshona kanzu za maharusi na sanda za maiti. Bi Khamisa alilitandaza mkekani, akavaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, kama mtu anayejiandaa kwa kazi, akapapasa mishono. Kwake kitu kile kiliitwa mfarishi.

"Mfarishi huu wa watu wawili," alisema mwishoni.

"Ndiyo, Bi Khamisa."

"Na hapa pamefumuliwa. Nani kafumua?"

"Mimi. Nilitaka dirisha lisizibe. Likiziba ataisha."

Bi Khamisa akavua kastabini. "Mwanangu, una kikapu cha mabaki nyumbani?"

"Kimejaa."

"Na mwenzako ana nini?"

Nasimiyu aliangalia kile kiraka cha gunia.

"Wewe ukifumua, yeye anaona pengo limepanuka, anakata kingine aje alizibe. Wewe unafumua, mwenzako anakata. Mwenye kitambaa ni nani kati yenu?" Akakunja mfarishi, akamrudishia. "Nenda kashone. Na mimi usiniletee tena kitu hiki nyumbani mwangu."

Nasimiyu alirudi akikimbia nusu ya njia. Alishona mchana kutwa hata vidole vikatoka damu, akajaza hadi pakabaki nafasi ya kiraka kimoja tu. Hapo mkono ukasita. Kiraka cha mwisho usikitie. Alikuwa ameitikia kwa mdomo wake.

Kesho yake saa sita alilitundika blanketi kwenye waya. Uani hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa umelala, vumbi limening'inia hewani halipandi halishuki, na hata kule kwenye karakana ya reli nyundo zilikuwa zimenyamaza. Akatunga uzi. Akaisukuma sindano kwenye blanketi, pale pembeni mwa dirisha, akangoja isikike ikianguka upande wa pili.

Haikuanguka. Uzi ulivutwa, polepole, ukakaza. Kisha sindano ikarudi.

Nasimiyu aliinamisha macho. Chini ya pindo la blanketi, upande ule, palikuwa na miguu miwili mitupu, yenye udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Kando yake palikuwa na miguu mingine midogo.

Akachungulia dirishani. Hakuona ukuta wa choo wala pipa la maji ambalo lilikuwa pale siku zote. Aliona bluu na madoa meupe, karibu sana, ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua kwa shida. Na mkono wa kushoto, mifupa mitupu, ulikuwa umeshika pindo la gauni lile, na mkasi umeshaanza kuuma.

"Usikate!" Nasimiyu alipiga kelele. "Mama Nyakio, usikate! Ninacho mimi!"

Mkasi ukasimama.

Hakukimbilia kikapu. Alikata gauni lake mwenyewe, hapo mapajani, mraba mzima, akaubandika kwenye dirisha. "Pokea," alisema huku akilia. "Kitie mwenyewe, kama ulivyosema. Mimi nasukuma tu." Akasukuma sindano. Ikavutwa. Ikarudi. Walishona pande zote nne, na kila sindano iliporudi ilikuwa ya moto kidogo, kama iliyotoka kwenye mkono wa mtu. Kwenye kona ya mwisho uzi ukalegea. Upepo ukaamka, blanketi likapepea, na nyuma yake palikuwa na pipa la maji.

Tangu siku ile blanketi halikubadilika tena. Nasimiyu alizaa watoto wawili, hakuwafunika nalo.

Mwaka wa hamsini na tisa, saa za mchana, mwanamke alisimama uani. Alikuwa amekonda na nywele zimeingia mvi mbele, lakini gauni lilikuwa lile lile, bluu iliyokwisha kufifia, na madoa. Kwenye pindo kulikuwa na mkato, urefu wa kidole, ulioanzwa ukaachwa.

"Bibi makaa," alisema, "bado unashona kama mtu anayefunga mbuzi?"

Walishikana, wakakaa hivyo. Baadaye, chai ikiwa imepoa, Wamuyu alisimulia: kijiji kilichozungushiwa mtaro na miiba, kuchimba udongo mwekundu tangu asubuhi, njaa. "Saa sita walitupa nafasi kidogo ya kupumzika. Sindano sikuwa nayo. Nilikuwa nafumba macho nashona hewani, mkono mtupu, nikijiambia niko hapa na wewe. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu. Nguo zangu zikawa zinapotea moja moja, nikasema ni wezi." Akashika ule mkato. "Siku moja nilizinduka nina mkasi wa jirani mkononi. Nikasikia mtu ananikataza."

Nasimiyu alimwuliza lile aliloogopa kwa miaka minne. "Na Nyakio?"

"Nyakio tulimzika mwaka ule wa njaa."

"Pole, Mama Nyakio. Nilijua. Nilijua ulipolikata gauni lake."

Wamuyu aliinua uso. "Sikulikata. Nilimzika nalo. Ningelikataje?"

Nasimiyu alifungua sanduku, akalitandaza blanketi kitandani, na kwa mara ya kwanza akakigeuza kile kiraka cha manjano. Mishono haikulalia kushoto, wala kulia. Ilikuwa mirefu, imeachana, mmoja huku mwingine kule. Meno ya mzee. Kwenye kona ncha ya uzi ilikuwa inaning'inia, haina fundo.

Wamuyu aliitazama mpaka nje gari la moshi likapiga filimbi na kuondoka. Kisha akalowesha vidole kwa mate, akaushika uzi ule, akafunga fundo taratibu, jinsi mtu anavyomfungia mtoto anayesubiri.

Uzi ukavutwa mara moja kutoka upande wa pili, kama mtu anayejaribu uimara wake. Halafu ukaachiliwa.