Kikosi cha Tatu

Kaka yake mke wa sajini alikuwa meja makao makuu ya jeshi, na kazi yake ilikuwa kupiga hesabu: vikosi vingapi vibaki, vingapi vivunjwe. Jioni hiyo alikuja bila hodi, akajikalia mezani kwa dada yake kama kwake. Sajini, mume wa dada, alikuwa ametoka mpakani juzijuzi tu. Alimwamkia shemeji yake kwa kidevu.

"Kesho nawasilisha kwa wakubwa," meja alisema. "Vikosi ni vitatu. Kimoja kivunjwe, fedha zake zinunue ndege."

"Sasa umekuja kutuaga au kutuzika?" sajini aliuliza.

Meja akapanga glasi tatu mezani. "Kimoja kiko kazini, kimoja kinajiandaa, kimoja kimekaa bure."

"Kinapumzika," dada yake alidakia. "Huyo unayesema amekaa bure ndiye huyu mume wangu, mlango ukigongwa anaruka kutoka kitandani."

"Kwenye hesabu zangu hakuna kitanda." Akaondoa glasi moja. "Haya, hatujui tutaitwa wapi wala lini. Wewe uwe dunia. Leta balaa."

Dada aliijua michezo ya kaka yake tangu utotoni. Sheria alitunga yeye, na akizidiwa alizibadili.

"Mpakani wanapigana," alisema.

Glasi ikasukumwa ukingoni mwa meza.

"Mafuriko. Daraja limeenda na maji."

Ya pili ikasukumwa upande mwingine.

"Wa mpakani wamechoka. Nani anawapokea?"

"Ngoja mafuriko yaishe."

"Hayaishi."

"Huwezi kuleta yote kwa mpigo!" Meja alianza kuwaka. "Nimeyajaribu kwenye kompyuta mara elfu na zaidi. Yote kutokea pamoja hivyo ni mara chache."

"Si umesema mimi ndiyo dunia? Tangu lini dunia ikakuomba ruhusa?"

Sajini akacheka, kicheko kikavu. Meja akaikamata glasi ya mafuriko, akaiburuta hadi mpakani. "Ndege zitawafikisha haraka. Basi!"

"Ndege inambeba mtu, haimpumzishi," sajini alisema. "Na hiyo unayoiburuta ni mimi, shemeji."

Meja alimtazama dada yake, akaona macho yake yamejaa. Akamgeukia sajini, akashusha sauti. "Nitakuhamishia ghalani. Utagawa mablanketi, utalala kwako kila siku."

"Atakubali," mke alisema haraka.

"Nani kakuuliza?" Sajini alisimama. "Vijana wangu warudi kule bila kupumzika, mimi nikunje mablanketi?"

"Vijana wako wana mama zao wa kuwalilia. Wewe una mimi."

"Mama zao ndio walionikabidhi! Una roho gani wewe?"

"Roho ya mtu aliyechoka kuosha damu kwenye nguo zako."

Sajini alimwangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. "Usinifuate," alisema. Akatoka, akaubamiza mlango hadi pazia likapepea.

Meja alijikohoza. "Umemsikia mwenyewe. Hataki."

Mwanamke alisikiliza hatua za mumewe zikizunguka uani. Alingoja zifike upande wa pili wa nyumba, kisha akamwinamia kaka yake.

"Hamisha," alinong'ona. "Usimwambie mpaka amri itoke, wala usiniulize tena. Acha anichukie akiwa hapa."

"Na hao vijana?"

"Hao ni wako, meja. Mimi sipigi hesabu. Sasa ondoka nyumbani kwangu."